Maganda ya risasi chini si kibali: kulenga shabaha kwenye msitu wa taifa, Colorado

*"Mwalimu, shikamoo. Naishi Aurora, Colorado, mwaka wa tatu sasa, na nina grini kadi. Mfanyakazi mwenzangu amenialika twende kulenga shabaha msituni, milimani magharibi ya Denver. Alinionyesha picha: uwazi kando ya barabara ya vumbi, kilima nyuma, maganda ya risasi yametapakaa, na televisheni mbovu iliyojaa matundu. Hakuna kibao, hakuna mlinzi, hakuna anayetoza hela. Anasema ni ardhi ya umma, na yale maganda ni ushahidi kwamba panaruhusiwa. Mimi nimekulia Mufindi, pembeni ya msitu wa Sao Hill, na kwetu ukisikia mlio wa bunduki msituni unajua kuna jambo. Shemeji yangu anayesoma chuo hapa kwa viza ya mwanafunzi anataka kuja nasi, na mwanangu wa miaka tisa ananisumbua nimchukue. Mke wangu amekataa katakata. Je, ni halali kweli? Na ni salama?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nadhani kinachokutia wasiwasi si bunduki yenyewe. Umezoea msitu wa serikali wenye mwenyewe anayeonekana: mlinzi, geti, mtu wa kumuuliza. Hapa umeonyeshwa mahali ambapo watu wanafyatua risasi na hakuna hata mmoja wa kusema ndiyo au hapana. Wasiwasi huo ni wa mtu mwenye akili zake, usiache mtu yeyote kazini akucheke kwa ajili yake.

Jibu fupi ni hili. Kulenga shabaha kwenye misitu ya taifa ya Marekani kwa kawaida ni halali, bila kibali na bila malipo. Mahali pale pa kwenye picha huenda ni halali na huenda si halali, na picha haiwezi kukuambia. Shemeji yako asiguse bunduki wala risasi. Mtoto naye asiende safari hii ya kwanza. Kwa hiyo mkeo ana haki kwa sehemu kubwa, na nitakueleza ni sehemu ipi.

Nianze na shemeji, maana kosa lake halifutiki kwa kuomba radhi. Sheria ya silaha ya serikali kuu ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia nchini kwa viza ya muda kuwa na bunduki au risasi. Humo wamo wanafunzi, watalii, wafanyakazi wa mkataba, hata mama mzazi aliyekuja miezi mitatu kuona wajukuu. Sheria haiulizi bunduki ni ya nani. Kuishika dakika mbili, kufyatua mara moja na kuirudisha kwa mwenyewe, kunatosha. Kubeba boksi la risasi kutoka kwenye buti la gari hadi mahali pa kupigia kunatosha. Adhabu ya juu ni kifungo cha miaka 15, na kwa mwanafunzi, hata kesi ikiishia njiani, viza na masomo vinaweza kwenda na maji. Anayempa bunduki huku akijua hali yake ya viza naye ana kosa lake, yaani wewe au huyo mwenzako.

Upo mlango mmoja ambao watu wengi hawaujui. Mwenye viza ya muda akiwa na leseni hai ya kuwinda iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani, katazo hilo halimgusi. Leseni hiyo haipatikani kwa kujaza fomu tu. Colorado kwa kawaida inamtaka aliyezaliwa mwaka 1949 au baadaye awe amefuzu kwanza mafunzo ya mwindaji, ambayo, kwa kweli, ni mafunzo mazuri ya usalama wa silaha hata kwa asiyekusudia kuwinda kitu. Kama shemeji ana hamu ya dhati, aanzie huko, kisha leseni yake aione wakili wa uhamiaji kabla hajashika chochote. Ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi au waliopewa hifadhi hawamo kwenye katazo la viza ya muda. Wenye ulinzi wa muda (TPS) au kesi ya uhamiaji ambayo haijaamuliwa wasitegemee maneno ya mtandaoni, yangu yakiwemo. Waende kwa wakili.

Wewe mwenye grini kadi unaruhusiwa kushika na kumiliki. Ila usidhani uko sawa kabisa na mwenzako aliyezaliwa hapa. Sheria ya uhamiaji inasema mtu asiye raia akitiwa hatiani kwa kutumia au kuwa na bunduki kinyume cha sheria yoyote, anaweza kuondolewa nchini. Mwenzako akiandikiwa faini kwa kupiga risasi mahali pasiporuhusiwa, analipa kwa posta na kusahau. Wewe ukiandikiwa karatasi hiyo hiyo, usikimbilie kulipa, kwa sababu kulipa kunaweza kuhesabiwa kama kukubali kosa. Ipeleke kwanza kwa wakili wa uhamiaji. Kwa hiyo swali la kama mahali pale panaruhusiwa kwako lina uzito ambao kwake halina.

Sasa tuje kwenye maganda. Maganda chini yanathibitisha jambo moja tu, kwamba kuna mtu alifyatua risasi pale. Hayasemi kama aliruhusiwa, wala kama leo bado panaruhusiwa. Idara ya Misitu hufunga sehemu kwa amri, wakati mwingine baada ya ajali, wakati mwingine kwa sababu nyumba zimesogea karibu, wakati mwingine kwa ajili ya moto, na kibao kikiwekwa mara nyingi nacho hugeuzwa shabaha. Ukikuta nguzo iliyotobolewa haina kitu juu, usisome hapo kwamba hapajakatazwa.

Kanuni za misitu ya taifa kuhusu kufyatua bunduki ni fupi. Usipige ndani ya yadi 150, kama mita 137, kutoka kwenye nyumba, jengo, kambi, eneo la mapumziko lililojengwa, au mahali penye watu. Usipige kuelekea barabara ya msitu, kuivuka, au ukiwa juu yake, wala kwenye maji yaliyo kando yake. Usipige ndani ya pango au kuelekea ndani yake. Na usipige kwa namna yoyote, mahali popote, inayomweka mtu au mali katika hatari. Hilo la mwisho ndilo pana kuliko yote. Unaweza kuwa umetimiza yadi zote 150 na bado ukawa umevunja kanuni, kwa sababu nyuma ya kilima chako kuna njia ya watembea kwa miguu. Risasi zinazoacha mstari wa moto na zile za kuwasha moto zimekatazwa kabisa. Kuharibu miti ni kosa, kuacha takataka ni kosa. Ile televisheni kwenye picha ni kosa la mtu fulani, na ukiipiga na kuiacha hapo unajiunga naye. Adhabu ya makosa haya inaweza kufika miezi sita jela na faini ya dola 5,000.

Halafu kuna jambo la Colorado hasa. Milima ya magharibi ya Denver ilivamiwa na watafuta dhahabu kuanzia mwaka 1859, na viwanja vingi vya madini vya enzi hizo viligeuka kuwa mali za watu binafsi vikiwa katikati ya msitu. Hadi leo ramani ya pale imejaa viraka. Unaweza kusimama kwenye ardhi ya umma na risasi yako ikaingia kwenye shamba la mtu, bila uzio wowote kati yenu. Miti haina rangi ya kukuambia ni ya nani. Usitegemee ramani ya simu ya kawaida. Tumia programu za ramani za wawindaji zinazoonyesha mipaka ya umiliki, pamoja na ramani ya barabara za magari inayotolewa bure na msitu wenyewe. Kisha fanya kitu ambacho watu wengi hawafanyi: piga simu ofisi ya wilaya ya msitu. Magharibi na kaskazini-magharibi ya Denver utakuwa kwenye msitu wa Arapaho na Roosevelt, na kusini-magharibi ni msitu wa Pike. Wape namba ya barabara na maili ulizoingia, waulize kama kuna amri ya kufunga upigaji risasi hapo na kama kuna katazo la moto siku hiyo. Kama mnakwenda Jumamosi, piga simu Ijumaa, siyo Jumatatu, kwa sababu katazo la moto hubadilika na upepo. Watu wa ofisi hizo huulizwa maswali haya kila wiki na hawatakushangaa, hata lafudhi yako ikiwa ya Iringa.

Sasa usalama. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Kwenye uwanja rasmi wa shabaha, mhandisi alishafikiria kabla yako risasi iende wapi ikikosa. Kuna tuta refu la udongo, kuta za pembeni, msimamizi mwenye kipaza sauti. Msituni hakuna yeyote aliyekufikiria hayo. Kazi ya mhandisi, ya tuta na ya msimamizi zote zinakuwa zako, na ukishindwa moja hakuna wa pili wa kuokoa. Julai 2015 mwanamume mmoja alikuwa amepiga kambi na familia yake kwenye msitu wa Pike, hapo hapo Colorado. Risasi iliyotoka kwa watu asiowaona wala kuwajua ikampata akiwa kambini na kumuua. Aliyefyatua huenda alikuwa na hakika kwamba mbele yake ni miti mitupu.

Fikiria risasi inakwenda umbali gani. Ile ndogo kabisa ya .22, ambayo watu huiita ya watoto, ina maboksi yanayoonya kwamba ni hatari ndani ya maili 1.5, karibu kilomita 2.4. Bunduki za milimita 5.56 ambazo utaziona nyingi huko zinaweza kupeleka risasi zaidi ya kilomita 3. Hakuna uwazi msituni wenye kilomita tatu unazoweza kuzikagua kwa macho. Kinachokulinda ni tuta lililo nyuma ya shabaha, na tuta peke yake.

Tuta zuri ni ukingo wa udongo laini uliosimama wima au karibu wima, mrefu kuliko makosa yako. Hesabu ya makosa ni hii: mtutu ukiinuka nyuzi 5 tu, na shabaha iko mita 25, risasi inapita zaidi ya mita 2 juu ya pale ulipokusudia. Nyuzi 5 ni kidogo sana. Mtu mgeni na bastola huzifikia bila kujua, hasa kwenye mlio wa pili, pale bunduki inaporuka mkononi na kidole kikabana tena kwa mshtuko. Ndiyo sababu ukingo wa kimo cha mtu, ambao kwenye picha unaonekana kama ukuta, kwa mtu anayejifunza hautoshi. Na ndiyo sababu anayeanza anawekewa risasi moja tu kwenye magazini, yaani kile kisanduku cha risasi cha bunduki. Anapiga, anashusha, anawekewa nyingine. Inachosha, lakini huo mlio wa pili wa bahati mbaya unakosa cha kufyatua.

Kilima chenye mteremko mpole kinadanganya zaidi. Watu husema "nyuma kuna mlima mzima." Lakini risasi ikigusa ardhi kwa pembe ndogo haizami, huteleza juu yake na kuendelea na safari, ikiwa imepinda upande usiotabirika. Ni kama jiwe bapa unalorusha juu ya maji ya bwawa. Ardhi ngumu, iliyoganda au yenye changarawe hufanya hivyo haraka zaidi, na mwamba ndio mbaya kuliko vyote, kwa sababu hurudisha vipande hata kwako uliyesimama. Weka shabaha chini, karibu kabisa na mguu wa ukingo, ili risasi ikipita kwenye karatasi iingie udongoni hapo hapo. Usiiweke juu ya gogo katikati ya uwazi, na usiiweke kwenye kilele. Kabla hujaitoa bunduki kwenye mkoba, nenda kaguse ukingo kwa mkono, uchimbe kidogo kwa kisigino. Ukikuta mawe makubwa chini ya vumbi, hapo hapafai. Kisha panda juu ya ukingo, uangalie upande wa pili kuna nini. Watu wengi waliopiga mahali fulani kwa miaka hawajawahi kupanda kutazama.

Miti si tuta. Risasi hupita katikati yao, na zile zinazogonga huua mti taratibu. Utaona misonobari huko imekatwa katikati kwa risasi kama kwa msumeno. Chupa za kioo na vyuma vikuukuu navyo viache. Karatasi na sanduku la makaratasi vinatosha, na vinabebeka kurudi nyumbani.

Jambo lingine ambalo mwenzako huenda hajalifikiria ni moto. Wengi wanaamini risasi haiwezi kuwasha nyasi kwa sababu haina mwali. Mwaka 2013 watafiti wa Idara ya Misitu walichapisha majaribio ambamo walipiga risasi za bunduki kwenye bamba la chuma, vipande vikaangukia mboji iliyokauka. Risasi inapogonga kitu kigumu, mwendo wake wote hugeuka joto na kupasuka, na vipimo vyao vilionyesha vipande vinaweza kupita nyuzi 800 za Selsiasi. Risasi zenye chuma ndani au kwenye tabaka lake la nje, na zile za shaba tupu, ziliwasha moto mara kwa mara. Zile za kawaida za madini ya risasi yaliyofunikwa shaba ziliwasha mara moja tu, kwa sababu vipande vyake huwa vidogo na hupoa upesi. Walijaribu pia shaba tupu kwenye jiwe la matale, na hapo pia moto ulipatikana.

Kutokana na hayo, chukua sumaku ndogo na uigusishe kwenye ncha ya risasi, siyo kwenye ganda. Ikinata, kuna chuma, na risasi hiyo haifai msituni wakati wa ukavu. Bei yake ya chini ndiyo hufanya watu waipende, kwa hiyo usishangae mwenzako akiwa na sanduku zima. Usipige vyuma wala mawe. Na shabaha zinazolipuka, ule unga unaochanganywa na kupigwa ili utoe mshindo, zikatae moja kwa moja. Misitu ya taifa ya ukanda wa Milima ya Rocky ilizipiga marufuku mwaka 2013, na sababu inaeleweka. Aprili 2017, kusini mwa Arizona, mtu mmoja alipiga shabaha ya aina hiyo kwenye sherehe ya kutangaza jinsia ya mtoto. Moto uliotoka hapo uliteketeza zaidi ya ekari 46,000 na kuingia kwenye msitu wa taifa wa Coronado, na mahakama ikamwamuru alipe zaidi ya dola milioni 8. Miaka mitano kabla, Utah, watu waliokuwa wakilenga shabaha waliwasha moto ambao uliwatoa maelfu ya watu kwenye nyumba zao. Beba maji ya kutosha, lita 20 si nyingi, na koleo. Ukimaliza, kaa nusu saa ukiangalia udongo wa ukingo na nyasi zilizo chini yake, kwa sababu moto wa namna hii hufuka kwanza kabla haujaonekana. Siku ya upepo na nyasi kavu, ahirisha, hata kama hakuna katazo.

Kuhusu watu mtakaowakuta huko. Jumamosi uwazi kama ule huwa na makundi mawili au matatu yasiyojuana, na hakuna msimamizi. Kinachotakiwa ni kuongea kabla ya kupiga: nendeni mkawasalimie, mkubaliane mstari mmoja wa kusimama na neno moja la kusitisha. Neno hilo likitamkwa, kila bunduki inatolewa magazini, chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, inaachwa wazi, bunduki inawekwa chini, na watu wote wanarudi nyuma hatua kadhaa. Hakuna anayegusa bunduki, hata kwa kuisafisha, mtu mmoja akiwa mbele anabadilisha karatasi. Ukiona mtu anachezea bunduki yake wakati mwenzake yuko mbele, au ukiona makopo ya bia, funga mkoba uondoke. Huna haja ya kugombana wala kutoa somo. Sema umekumbuka jambo nyumbani. Najua kwetu si rahisi kumwacha mwenyeji aliyekualika, lakini hili ni mojawapo ya mambo machache ambayo aibu haistahili kupewa nafasi.

Huko milimani simu mara nyingi haishiki. Kabla hamjaanza, jua mko wapi kwa namba za ramani, na jua ni umbali gani hadi mahali penye mtandao. Jeraha la risasi kwenye paja linaweza kummaliza mtu kwa dakika chache, muda ambao ambulensi bado iko chini bondeni. Kila gari liwe na mkanda wa kubana mshipa na mtu anayejua kuutumia. Mafunzo ya kuzuia damu hutolewa kwa saa chache na hospitali nyingi, mara nyingi bure, na ningependa uyachukue hata usipokwenda kulenga shabaha maishani mwako.

Na kijana wako. Miaka tisa si mdogo mno kujifunza, na sikatai kimsingi. Ninachokataa ni kuanzia kwenye uwazi usio na msimamizi, baba mwenyewe akiwa bado mwanafunzi. Huwezi kuangalia mtutu wako na wa mtoto kwa wakati mmoja. Masikio yake pia: karibu kila bunduki hupita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja unaweza kuharibu usikivu usirudi tena, na pamba masikioni haisaidii kitu. Anahitaji viziba vya ndani na vifuniko vya nje kwa pamoja, na wewe vile vile, pamoja na miwani ya kujikinga. Halafu kuna madini ya risasi, ambayo hubaki kwenye moshi wa kila mlio, kwenye vidole vinavyojaza magazini, na kwenye maganda ambayo watoto hupenda kuyaokota na kujaza mifukoni. Mwili wa mtoto huyafyonza kuliko wa mtu mzima, na huathiri ubongo unaokua. Watu wazima wasile pale. Waoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, viatu vivuliwe mlangoni, na nguo zifuliwe peke yake. Kama mkeo ni mjamzito, tahadhari hiyo iwe mara mbili. Ukija kuwa mtu wa kwenda mara kwa mara na una watoto nyumbani, mwombe daktari wao kipimo cha damu cha madini hayo. Ni kipimo cha kawaida. Na masikio yakipiga kengele baada ya kulenga shabaha na isiishe kufikia kesho yake, onana na daktari upesi, usisubiri izoeleke.

Ukiniuliza ningefanya nini katika nafasi yako, ningemwambia mwenzako asante, ila mara ya kwanza twende uwanja rasmi. Ipo ya kulipia karibu na miji, na ipo inayosimamiwa na idara ya wanyamapori ya Colorado kwenye maeneo ya jimbo, ambako unahitaji pasi yao au leseni ya kuwinda au kuvua. Utalipa kidogo, utasubiri zamu, utapigiwa kelele na msimamizi ukigeuza mtutu vibaya, na kelele hizo ndizo unazozihitaji sasa. Chukua darasa la mwanzo kwa mkufunzi anayekusimamia ana kwa ana, kwa sababu mikono haijifunzi kwa kusoma jibu kama hili. Msitu una raha yake, sitakudanganya: hewa, nafasi, kutokuwa na haraka ya zamu. Unaweza kuufikia baadaye, siku ya kazi asubuhi, baada ya mvua au theluji kuyeyuka, ukiwa na mtu mmoja au wawili unaowaamini, mahali ambapo ofisi ya wilaya imekuthibitishia na ukingo umeugusa mwenyewe.

Mkisafiri, bunduki zote ziwe tupu na zimefungwa. Colorado hairuhusu bunduki ndefu yenye risasi kwenye chemba ndani ya gari, na tangu Januari 2025 bastola ikiachwa kwenye gari lisilo na mtu lazima iwe ndani ya kasha gumu lenye kufuli, lisiloonekana kwa nje, na gari lenyewe liwe limefungwa. Na shemeji akitaka tu kuja kuangalia milima, abaki kwenye gari tofauti na lile lenye silaha, asibebe chochote, asipigwe picha ameshika. Picha hizo huwafikia watu wa uhamiaji. Bora zaidi, siku hiyo mpeleke mahali pengine na mwanao, na mkeo akiwa nao.